Sanduku la kufuli tatu, wingu la neno moja

Nataka kuongea juu ya mambo ya ordinatere na intaneti, lakini nitaanza na matanga.

Mchimbaji mmoja wa chama chetu alifunikwa na udongo mu shimo. Tulimutoa, tukamulia, tukamuzika. Sheria ya chama chetu ni hii: memba akikufa, kese ya musaada inatuma dola 250 kwa mutu ambaye yeye mwenyewe alimuandikisha wakati wa kuingia. Yeye alimuandikisha bibi yake, na namba ya telefone ya bibi. Mweka-hazina akafungua liste, akasoma namba, akatuma pesa kwa njia ya telefone. Kisha akamuita mama: « Mama, pole sana. Pesa imefika? » Mama akajibu: « Pesa gani, papa? »

Kumbe namba ilibadilishwa. Siku mbili mbele, wakati sisi tulikuwa tunachimba kaburi, mutu aliingia mu liste yetu ya intaneti, akafuta namba ya mujane na kuandika ingine. Tulipofika ku kabine kuuliza, pesa ilikwisha kutolewa, mbali, mu mji mwingine.

Siku ya kikao kila mutu alisema neno moja: « Ni wezi wa intaneti. » Wengine wakasema ni vijana wa Kinshasa, wengine wakasema ni wa Nigeria. Mimi nilinyamaza siku ile, na leo ninaandika juu nilinyamaza. Hakuna mwizi aliyevunja mlango wetu. Mlango ulifunguliwa na ufunguo, na ufunguo ule sisi wenyewe tuliutembeza kama sigara, kila mutu anavuta kidogo na kumupa mwenzake.

Kwa nini tulipanda mu wingu

Watu wa Bunia na Kinshasa wanaweza kucheka: wachimbaji wa Epulu na wingu la intaneti, wapi na wapi? Ninawajibu: sisi tulikuwa na sababu kuliko nyinyi.

Karatasi kwetu haikai. Mvua ya Ituri inakula karatasi, mchwa unakula karatasi, na vita inakula zaidi. Wote mnakumbuka tarehe 24 mwezi wa sita 2012. Watu wa Morgan walishambulia stesheni ya Epulu, wakaua watu, wakachoma ofisi, wakaua okapi 14 waliokuwa wanalindwa pale. Hifadhi ile iliundwa mwaka 1992, na mwaka 1996 UNESCO iliiandika mu urithi wa dunia. Vyote hivyo havikuzuia moto kuingia mu makabati. Na mtu anayekimbia usiku mu barabara ya Mambasa anabeba mtoto na sufuria, habebi rejista ya chama.

Basi rezo ilipokuwa nzuri kidogo, kijana mmoja aliyesoma, sekreteri wetu, alitushauri: « Tuweke liste ya bamemba mu Google. Hata nyumba ikiungua, liste inabaki. » Alisema kweli. Tuliandika majina, namba za telefone, mashimo, michango, majina ya warithi. Tangu siku ile tumekimbia mara mbili, na kila mara tuliporudi liste ilikuwa pale pale. Kwa hiyo mimi siko hapa kusema turudi ku daftari. Wingu limetusaidia.

Lakini tuelewane: wingu haliko juu mbinguni. Ni ordinatere za watu wengine, mu nyumba kubwa zenye umeme na walinzi, mbali na sisi. Nyumba zile zinachungwa vizuri. Kampuni inaweka kuta, inaweka mitambo, inalipa wahandisi. Kazi moja tu wanatuachia sisi: wakati mutu anabisha mlango, mashine inauliza « Wewe ni nani? » na sisi tunapashwa kutoa jibu ambalo mwingine hawezi kutoa. Kama jibu letu ni jibu la kila mutu, kuta za kampuni hazina kazi.

Na jibu letu lilikuwa nini? Kompte moja ya kamati. Neno la siri moja: jina la mgodi na mwaka. Watu sita wa kamati walilijua. Halafu mtoto wa mweka-hazina alilijua, juu yeye njo alikuwa na telefone nzuri. Halafu mwenye kabine alilijua, juu siku moja telefone ya prezida ilikufa, akafungulia pale. Mimi mwenyewe nililisema kwa sauti mu telefone, nikiwa nimesimama kando ya barabara ya taifa namba 4, malori yanapita, ninapiga kelele ili mwenzangu asikie. Herufi kwa herufi. Watu wa maandazi walisikia, watu wa mototaksi walisikia.

Kitu kilichopotea zaidi ya pesa

Dola 250 tuliichanga tena na mujane akalipwa. Ilichukua wiki tatu, na ilikuwa haya, lakini tulilipa. Kitu ambacho hatukuweza kulipa ni kingine.

Programu ile inaandika kila kitu: siku, saa, na nani aliyebadilisha. Tulipoangalia, tukakuta saa 3 na dakika 14 ya usiku. Na jina? Jina la kamati. Mabadiliko yote ya mwaka mzima yalikuwa na jina moja, juu wote tuliingia na kompte moja. Mashine ilikuwa tayari kutuambia ukweli, lakini sisi tulikwisha kuvaa wote koti moja.

Ndipo watu wakaanza kuangaliana. Na wakati watu hawajui nani, wanachagua yule wa karibu: sekreteri, juu yeye njo anajua ordinatere. « Nani mwingine anaweza? » Hakuna aliyekuwa na ushahidi. Na yeye hakuwa na kitu cha kujitetea nacho. Angesema « siku ile sikuingia », angeonyesha nini? Kijana alivumilia mwezi moja, watu wakimuita mwizi ku soko, kisha akapanda lori akaenda. Mpaka leo hatujui nani alifanya. Inawezekana ni yeye. Inawezekana ni mmoja wa sisi tulioketi pale tukimuhukumu.

Watu wanafikiri neno la siri linalinda mali tu. Linalinda pia mutu asiye na kosa. Kama kila mutu ana ufunguo wake, mwizi anajulikana, na wengine wanalala. Kama ufunguo ni wa wote, mwizi analala, na wengine wote wanakuwa washitakiwa. Sisi watu wa sendika tunajua jambo hili mu kazi: bosi akisema dhahabu imepotea na hakuna rejista ya nani alikuwa mu zamu, kikundi kizima kinakatwa mshahara. Tunapinga jambo lile kila siku. Halafu ndani ya nyumba yetu tulifanya lile lile.

Njia tatu za kujibu

Nimeuliza watu wanaojua, nimesoma, na nimegundua kwamba dunia nzima haina njia nyingi. Ziko tatu. Mutu anajitambulisha kwa kitu anachojua, kwa kitu alicho nacho mkononi, au kwa mwili wake. Nitazipitisha moja moja mu matope ya kwetu, juu njia inayofaa mu ofisi ya Ulaya inaweza kukataa mu mgodi.

Ya kwanza, kitu unachojua: neno la siri, au namba ya siri ya pesa ya telefone. Ni njia ya kizee, ilianza ku ordinatere kubwa za chuo cha MIT kule Marekani mu miaka ya 1960, na wizi wake ulianza mu miaka ile ile: mwanafunzi mmoja alichapisha liste ya maneno yote ya siri ili apate saa zaidi za mashine. Ubaya wa neno ni kwamba mutu akiliiba, wewe hujui. Ukiibiwa pikipiki, unaona pikipiki haiko. Ukiibiwa neno, bado unalo.

Na msifikiri ni sisi tu wa porini. Mwaka 2024 kampuni kubwa zilizoweka mali zao mu wingu la Snowflake ziliingiliwa. AT&T ilikuwamo, Ticketmaster ilikuwamo. Wachunguzi walisema makampuni karibu 165 yaliambiwa kwamba yanaweza kuwa yameguswa. Wezi hawakuvunja mitambo ya Snowflake. Waliingia na maneno ya siri yaliyoibiwa zamani, mengine ya miaka kadhaa, na kompte zile hazikuwa na kufuli ya pili. Matajiri wa Marekani na wachimbaji wa Epulu, kosa moja.

Neno likiwa refu linasaidia. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, iliandika mwaka 2017 kwamba urefu una faida kuliko alama za ajabu ajabu, na kwamba si vizuri kulazimisha watu kubadilisha neno kila mara, juu watu wanachoka na wanaongeza tu namba moja ku mwisho. Sisi tunaweza kufanya hivyo: chukua sentensi nzima ya kiswahili, kinyali au kibudu ambayo wewe peke yako unaikumbuka, bila jina la mtoto na bila mwaka wa kuzaliwa. Lakini hata sentensi ndefu, ukiisema kando ya barabara, imekwisha.

Ya pili, kitu ulicho nacho. Hapa watu wengi wanasema: « Tutumie ujumbe wa SMS, kode inakuja mu telefone. » Ni vizuri kuliko neno peke yake. Mwaka 2019 Microsoft iliandika kwamba kufuli ya pili inaweza kuzuia zaidi ya 99,9 % ya mashambulizi ya kuiba kompte. Lakini mu Ituri tunapashwa kuuliza: karte SIM ni ya nani? Wachimbaji wangapi wana SIM iliyoandikishwa kwa jina la mwenye kabine, la shemeji, la mutu aliyekwisha kufa? Mutu anakimbia vita, telefone inabaki ku miti, namba inakaa miezi bila kutumika, kampuni inaiuza tena kwa mutu mwingine. Siku hiyo kode zako zinaenda kwa mgeni. Na hata bila vita, mwizi anaweza kumudanganya mfanyakazi wa kampuni ya telefone amupe SIM mpya ya namba yako. Mwezi wa nane 2019 walimufanyia hivyo Jack Dorsey, mkubwa wa Twitter mwenyewe: walichukua namba yake, wakaandika matusi mu kompte yake.

Tena kuko ule ujanja tunaoujua wote ku WhatsApp: « Papa, samahani, nimekosea nimetuma kode ya namba sita ku telefone yako, nirudishie. » Unairudisha kwa roho nzuri, na dakika moja kisha wewe uko nje, na mwingine anaomba pesa kwa jina lako. Kode ile ni jibu la swali « wewe ni nani? ». Ukimupa mwingine, umemufanya awe wewe.

Kuko programu ingine, ya bure, kama Google Authenticator. Inatoa kode mpya kila sekunde 30, na haihitaji rezo wala mega. Watu wanashangaa: bila rezo, namna gani? Ni hivi: siku ya kwanza telefone yako na mashine ya wingu zinapatana siri moja, kisha kila moja inaangalia saa yake na kufanya hesabu ile ile. Kama wewe na ndugu yako mna kalenda moja ya soko: yeye yuko Mambasa, wewe uko Epulu, na siku ya soko mnaijua wote bila kupigiana. Telefone yako inatoa kode ukiwa mu pori. Kitu kimoja tu: saa ya telefone iwe ya kweli. Kwetu watu wengi wanaacha saa inatembea ovyo kila betri ikikufa, halafu wanasema programu ni mbaya.

Na telefone ikipotea? Wakati wa kufunga kufuli ile, Google inakupa kode za akiba. Ziandike ku karatasi, uzifunge mu mfuko wa plastiki, uziweke mahali pa mutu unayemwamini, si mu telefone ile ile. Ndiyo, tunarudi kidogo ku karatasi. Hakuna haya.

Ya tatu, mwili: kidole, uso, jicho. Hapa ninaomba wakubwa wasikilize vizuri, juu ninasikia mu mikutano kwamba « biometri itamaliza matatizo yote ya wachimbaji ». Waje waone vidole vya wachimbaji. Mutu aliyeshika nyundo na mchanga miaka kumi na tano, mutu anayeosha mawe mu maji kutwa nzima, alama za vidole vyake zimekwisha kulika. Nimeona wazee wanagusa telefone mara tano, sita, na telefone inawakatalia. Kule India, ambako serikali iliandikisha vidole vya watu zaidi ya bilioni moja mu mpango wa Aadhaar, kilio kilikuwa kile kile: mashine ilikataa vidole vya wafanyakazi wa mikono na wazee, na wengine walikosa chakula cha musaada. Tanzania nayo ililazimisha kila SIM iandikishwe kwa kidole na kitambulisho cha taifa, na tangu tarehe 20 mwezi wa kwanza 2020 walianza kuzima namba za wasiofanya hivyo. Pale angalau kitambulisho kilikuwa kinatolewa. Sisi Congo hesabu ya watu ya mwisho ilikuwa mwaka 1984. Mimi nilikuwa mtoto. Rais Tshisekedi alipokea karte ya kwanza ya uraia tarehe 30 mwezi wa sita 2023, lakini mu mashimo yetu watu bado wanaonyesha karte ya uchaguzi, na wote mnajua karte zile za mwisho: mutu anaitoa mu mfuko, sura imefutika.

Tena kidole hakibadilishwi. Neno likiibiwa, unatunga lingine. Alama ya kidole ikiibiwa mu mashine ya koperative, utakata kidole? Na mwenye bunduki akikusimamisha mu pori, hahitaji kuuliza neno: anachukua mkono wako, anaugandamiza ku telefone. Mimi simkatazi mutu kufungua telefone yake kwa kidole, ni haraka na inasaidia. Ninakataa kidole kiwe mlango pekee wa mshahara.

Tulikuwa na akili, tuliiacha wapi?

Sasa nifike ku neno langu.

Kila mama wa Epulu aliye mu kikundi cha akiba anajua sanduku. Sanduku la mbao au la chuma, kufuli tatu. Funguo tatu ziko kwa watu watatu wasiokaa nyumba moja, na sanduku liko kwa mutu wa ine. Hakuna anayeweza kulifungua peke yake. Linafunguliwa mbele ya kikundi, pesa inahesabiwa kwa sauti, wote wanasikia. Mama hao wengine hawajui kusoma. Lakini walielewa zamani jambo ambalo makampuni ya Marekani yalikumbushwa mwaka 2024: usimpe mutu moja nguvu yote, na usiache kufuli moja ibebe mzigo wote.

Sisi tulichukua pesa iliyokuwa mu sanduku la kufuli tatu, tukaiweka mu wingu la neno moja, tukajiita watu wa kisasa.

Kwa hiyo mu kikao kinachokuja nitapendekeza mambo matano, na ninaomba sendika na koperative zingine za Mambasa, Mongbwalu na kwingine ziyajadili.

Moja: kompte ya kamati ife. Kila mutu wa kamati aingie kwa jina lake. Google inaruhusu hivyo bila malipo: mwenye liste anaalika wengine, na anachagua nani anasoma tu na nani anaandika. Watu wawili waandike, wengine wasome.

Mbili: wale wawili wanaoandika waweke kufuli ya pili, ile programu ya sekunde 30, na kode zao za akiba zikae kwa mzee mmoja asiye wa kamati.

Tatu: namba ya mrithi isibadilishwe na mutu moja. Memba mwenyewe aje, watu wawili washuhudie, tarehe iandikwe ku daftari. Na mbele ya kutuma pesa ya matanga, mweka-hazina amupigie mrithi ku namba ya zamani, au atume mutu kwa miguu. Dakika kumi za kutembea zingetuokoa wiki tatu za haya.

Ine: mutu akitoka mu kamati, mlango wake ufungwe siku ile ile. Si juu ni mwizi. Ni juu ya heshima yake, asije akashitakiwa kwa jambo lililofanyika kisha yeye kuondoka.

Tano, na hili si la ndani ya nyumba, ni kwa mabosi, kwa koperative na kwa serikali: kila mashine inayoomba kidole cha mchimbaji iwe na mlango wa pili kwa yule ambaye kidole chake kimekwisha. Na mbele ya kuchukua kidole, wamwambie kinaenda wapi, kinakaa miaka mingapi, nani anakiona. Kode ya numeriki ya nchi yetu, ordonnance-loi namba 23/010 ya tarehe 13 mwezi wa tatu 2023, inalinda habari za binafsi za raia. Mchimbaji ni raia. Kodi ya migodi, ile iliyorekebishwa mwaka 2018, inamuomba awe na karte yake ya mwaka na awe ndani ya koperative. Sawa, tunatii. Lakini anayemuomba mwingine « wewe ni nani? » naye ajibu: « Na wewe unayeuliza, ni nani, na unataka jibu hili la kazi gani? »

Wanaosema hatutaweza

Najua majibu. Mzee moja wa kamati aliniambia: « Mtoto, hii ni mambo ya wazungu. Telefone zetu ni za vitufe. » Ni kweli, wengi wana telefone za vitufe. Ndiyo maana ninasema watu wawili tu waandike. Hatuhitaji telefone mia mbili nzuri, tunahitaji mbili nzuri na watu waaminifu. Mwingine akasema: « Ukiweka kufuli nyingi, siku ya vita sisi wenyewe tutafungiwa nje. » Hili ni neno zito, silidharau. Kufuli inayomfungia nje mwenye nyumba ni mbaya sawa na mlango wazi. Ndiyo maana kode za akiba, ndiyo maana watu wawili na si moja, ndiyo maana mzee wa nje.

Na wa mwisho alisema: « Hii yote inaonyesha hatuaminiani. » Hapana. Mama wa sanduku wanaaminiana kuliko sisi, wanazaliana, wanazikana, na bado wana kufuli tatu. Kufuli ile njo inalinda kuaminiana kwao, juu hakuna siku mmoja anabaki peke yake na pesa ya wote na majaribu yake.

Nimalize na yule kijana. Mimi ndiye nilisema neno la siri kwa kelele kando ya barabara. Siku ya kikao nilikumbuka, na sikusema. Niliacha watu wamwangalie yeye, juu kama wangejua barabara nzima ililisikia, wangeniangalia mimi. Siwezi kusema hakuchukua pesa ile. Ninaweza kusema kwamba watu wengi walikuwa na ufunguo, na mmoja wa waliougawa ni mimi, na kwa hiyo hatukuwa na haki ya kumuita mwizi.

Ndugu, kama unasoma gazeti hili huko uliko: kikao kiko jumamosi ya mwisho ya mwezi. Nitasema haya mbele ya wote, kwa jina langu. Kiti chako kiko.